Kujifunza Kijapani peke yako ukiwa Kisumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Kisumu, na huu ni mwaka wa sita tangu nianze Kijapani bila mwalimu. Jumapili alasiri tunakutana watu saba au wanane chini ya mwembe, kila mtu na daftari lake, tunasoma pamoja. Wageni wanaokuja huuliza karibu maswali yale yale. Nimeyaandika hapa na majibu yake, ili anayeishi Bungoma, Siaya au Nakuru naye asome bila kulipa nauli.

## Kabla ya kuanza

Kweli mtu anaweza kujifunza Kijapani bila mwalimu, akiwa huku kwetu?

Anaweza. Lakini tuelewane kwanza maana ya "peke yako". Si kwamba huna kitabu wala sauti ya Mjapani masikioni. Maana yake hakuna anayekungoja darasani, hakuna anayesahihisha daftari lako, na ukiacha leo hakuna atakayejua. Hilo la mwisho limeangusha watu wengi kuliko sarufi, na ndiyo sababu nimeandika mengi hapa kuhusu mazoea na machache kuhusu vitenzi.

Kabla ya kununua chochote, tafuta NHK, shirika la utangazaji la Japani. Lina idhaa ya Kiswahili, na huko utapata masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, bure. Wengi hukimbilia maelezo ya Kiingereza kwa sababu ndiyo yaliyojaa mtandaoni. Mimi nasema Kiswahili ndicho mlango wetu wa karibu, na sababu ziko katika jibu linalofuata.

Kijapani ni kigumu kiasi gani kwa mtu anayezungumza Kiswahili?

Utakutana na hesabu ya kutisha: taasisi ya serikali ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia hukadiria saa 2200 za darasani. Hesabu hiyo ilipigwa kwa mtu anayetoka kwenye Kiingereza. Sisi tunatoka kwingine.

Anza na sauti. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na zinakaribiana sana na zetu. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu kama zetu, na ile "n" inayosimama peke yake hupewa pigo lake kamili, kama "m" ya mwanzo katika "mtu". Hata maneno ya kukopa tunayavalisha nguo moja: sisi tunasema hoteli, wao hoteru; sisi basi, wao basu; sisi kadi, wao kādo.

Sasa njoo kwenye kitenzi. Ukipanda gari lililotoka Japani juzi, ukiwasha tu, sauti ya mwanamke inasema: *Kādo ga sōnyū sarete imasen*. Nimeisikia karakana maelfu ya mara. Ni kifaa cha kulipia barabara za Japani kinacholalamika. "Kādo" ni kadi, "sōnyū" ni kuingiza, "sarete" inaonyesha kwamba kitu kinatendwa, na "imasen" inakanusha hali. Sisi tunasema hayo yote kwa maneno mawili: kadi haijaingizwa. Tazama *haijaingizwa*: ha ya kukanusha, i ya kadi, ja ya bado, ingiza, kisha w ya kutendwa. Wajapani hubandika vipande vyao nyuma ya kitenzi, sisi vingi tunavibandika mbele, lakini kazi ni ile ile ya kushona vipande kwenye shina moja. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kunyambua vitenzi shuleni, pika, pikwa, pikisha, hashangai akikutana na *taberu, taberareru, tabesaseru*: kula, kuliwa, kulisha.

Na kuhesabu je? Kijapani hubadilisha neno la kuhesabia kulingana na umbo la kitu. Penseli tatu ni *sanbon*, karatasi tatu *sanmai*, vitabu vitatu *sansatsu*. Wageni wengi hulalamika hapo. Sisi tunaosema vitabu vitatu, miti mitatu na watu watatu tumezoea tangu utotoni kwamba kitu huvuta namba upande wake.

Ugumu upo, sitauficha. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Kuna vijineno vya wa, ga, o, ni na de vinavyohitaji miezi ya kuzoea. Urefu wa irabu hubadilisha maana: *obasan* ni shangazi, *obāsan* ni bibi. Aliyekulia Kigusii au Kibukusu, ambazo nazo hutofautisha irabu fupi na ndefu, hulishika hili haraka. Kupanda na kushuka kwa sauti nako kuna maana: *hashi* ya vijiti vya kulia na *hashi* ya daraja hutofautiana kwa hilo tu. Mjaluo, ambaye lugha yake hufanya hivyo kila siku, ana sikio tayari. Mlima wenyewe ni maandishi, na hayo yana sehemu yake hapa chini.

Naweza kuendelea na herufi zetu za kawaida, nikaacha zao kwanza?

Usifanye hivyo. Mimi nilifanya kwa miezi minne, na siku nilipofungua kitabu halisi sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Ilibidi macho yajifunze upya maneno ambayo mdomo ulikuwa unayajua. Herufi zetu zitumie wiki mbili za kwanza tu.

Nianzie wapi basi?

Hiragana, herufi 46 za msingi. Chukua tano kwa siku, na siku ya kumi zimekwisha. Kisha katakana, 46 nyingine, ambazo hutumika kwa maneno ya kigeni na majina ya nje. Ukipumzika siku moja moja katikati, wiki tatu au nne zinatosha kwa zote mbili.

Katakana watu huzisahau kwa sababu hawana cha kuandika. Sisi tunacho: vituo vya matatu. Kisumu ni キスム, silabi tatu, herufi tatu, hakuna kinachobaki. Shika njia ya Kakamega uandike kila kituo unapokipita: コンデレ Kondele, マンボレオ Mamboleo, キボスワ Kiboswa, マジェンゴ Majengo. Ukifika Mbale utakwama, kwa sababu Kijapani hakina "mb" mwanzoni mwa neno. Lazima uamue kama utaandika ムバレ au ンバレ. Kukwama huko kunakufundisha umbo la lugha kuliko ukurasa mzima wa kanuni. Ukimaliza na カカメガ, rudi na njia ya Busia.

Herufi nne zitakusumbua: シ (shi), ツ (tsu), ン (n) na ソ (so). Katika シ na ン vile vistari vidogo vimelala, na mkato mrefu huandikwa kutoka chini kwenda juu. Katika ツ na ソ vistari vimesimama na mkato hushuka kutoka juu. Ziandike kwa mkono kwa mpangilio huo, kuzitazama tu hakutoshi.

## Ratiba ya kila siku

Nisome muda gani kwa siku?

Dakika 25 kila siku. Mtu akiniambia anasoma saa tatu kila Jumapili huwa namwonea huruma, kwa sababu kufikia Ijumaa kazi yote imeshamwagika. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe: kitu kipya husahaulika haraka sana mwanzoni, kisha polepole, na kukirudia kwa vipindi ndiko kunakokifanya kikae.

Kinacholeta shida ni kukumbuka kukaa chini kila siku. Usitegemee hamu wala saa ya simu. Funga somo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Kwangu ni chai. Saa kumi na moja na nusu asubuhi naweka sufuria jikoni, na sufuria ikigusa jiko, kadi zangu za maneno zinatoka mfukoni. Mpaka maziwa yapande nimeshapitia kadi thelathini. Kikombe kikiwa mkononi, nasoma ukurasa mmoja. Kikiisha, somo limeisha, hata kama nina hamu ya kuendelea. Sasa miaka imepita, na nikiweka chai bila kadi nahisi nimesahau kuvaa kiatu kimoja.

Natoka kazini saa tatu usiku nikiwa nimechoka. Nifanyeje?

Usiku acha kupumzika kuwe kupumzika. Gawa dakika zako 25 vipande vitatu. Mwanakikundi wetu mmoja ni mwendesha boda: kadi huzipitia akiwa kituoni akingoja abiria, kuandika hukufanya dakika kumi za mchana akila, na kusikiliza hukufanya akitembea kurudi nyumbani. Hasikilizi chochote akiwa anaendesha, na nakuomba nawe usifanye hivyo.

Bando likiisha au stima ikipotea?

Kijapani kinasomeka kwenye karatasi. Pakua kamusi inayofanya kazi bila intaneti na masomo ya sauti ya wiki nzima siku ukiwa na bando la bei nafuu au waifai ya rafiki. Zaidi ya hapo, daftari, kalamu na kadi (angalia jibu kuhusu kusahau) vinatosha. Katika kikundi chetu, wanaoandika mambo yao kwenye karatasi wamedumu kuliko wanaotegemea simu tupu.

## Kukumbuka, na zile kanji

Mbona nasahau kila kitu?

Kwa sababu unarudia kila kitu kwa usawa. Neno unalolijua linakula muda wa neno usilolijua.

Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, alieneza njia ya masanduku katika miaka ya 1970, na haihitaji umeme. Nunua karatasi ya manila, ikate kadi ndogo za ukubwa wa tiketi. Upande mmoja Kijapani, upande wa pili Kiswahili. Chukua kisanduku cha viatu, ukigawe vyumba vitano kwa vipande vya katoni. Kadi mpya huanza chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukipata jibu, kadi inasogea chumba cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku mbili; kisha cha tatu, siku nne; cha nne, wiki; cha tano, wiki mbili. Ukikosa, hata kama kadi ilikuwa chumba cha tano, inarudi cha kwanza. Usiionee huruma. Ukipendelea simu, programu ya Anki hufanya kazi ya namna hiyo, na kwenye Android ni bure.

Masharti mawili. Kadi mpya zisizidi kumi kwa siku: anayeanza na hamsini huzikuta zimekuwa deni la mia nne baada ya wiki mbili, akakimbia. Na upande wa Kijapani andika sentensi fupi, si neno tupu. *Mizu* utaisahau. *Mizu o kudasai*, naomba maji, itakaa.

Kanji ni 2136. Maisha yatatosha?

Kanji ni zile alama za maandishi zinazobeba maana, si sauti tupu kama hiragana na katakana. Hiyo ndiyo orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, tangu ilipopanuliwa mwaka 2010. Mtoto wa Kijapani hufundishwa 1026 kati ya hizo kwa miaka sita ya shule ya msingi, na zinazobaki baadaye. Na huyo anaishi ndani ya lugha! Wewe ukichukua tatu kwa siku utazigusa zote kwa takriban miaka miwili. Kuzigusa si kuzimiliki, ila mlima wenye hesabu unapandika.

Kanji hujengwa kwa vipande. 木 ni mti. Miti miwili, 林, ni kijisitu. Miti mitatu, 森, ni msitu; nikiiona hiyo naona Kakamega. Mtu akiegemea mti, 休, ni kupumzika. Jifunze vipande kwanza, na kila kanji itakuwa hadithi ya maneno mawili matatu.

Kisha zitafute ulipo. Fungua mlango wa dereva wa gari lililotoka Japani, tazama kibandiko kwenye nguzo: タイヤ空気圧. "Taiya" ni tairi. 空 ni anga, na ikiungana na 気 inakuwa hewa. 圧 ni shinikizo. Hicho ni kibandiko cha upepo wa tairi. Ile 気 utaikuta tena katika 天気, hali ya hewa, na 元気, uzima. Kwenye mfuniko wa tangi mara nyingi pana 無鉛: 無 ni "bila", 鉛 ni risasi, ile metali, yaani petroli isiyo na risasi. Sheria ya Kenya inakataa magari yaliyozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo vibandiko vipya vinaingia kila mwaka. Barabara zetu zimejaa vitabu vya Kijapani.

Ni lazima niandike kwa mkono?

Hiragana na katakana, lazima. Kanji, andika mia mbili za kwanza kwa mpangilio wake, juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, mpaka mkono uzoee. Baada ya hapo kusoma kunatosha kwa wengi.

## Hamu inapokwisha

Nilianza kwa moto, mwezi wa tatu nikazima. Nina kasoro gani?

Huna kasoro. Mwezi wa kwanza kila siku inaleta kitu kipya: leo nimesoma herufi, leo nimesalimia. Mwezi wa tatu maendeleo yanaingia chini ya ardhi. Unasoma kama jana na huoni tofauti. Wengi huacha hapo wakidhani wamefikia mwisho wa uwezo wao.

Mimi niliacha miezi minane. Nilikuwa nimelipia kozi ya mtandaoni, na wiki ya tatu mwalimu akatoweka na ada. Nilikasirika nikaweka daftari juu ya kabati. Kilichonirudisha ni lile gari. Mteja alileta gari dogo, betri imekufa. Nilipoliunganisha na kuwasha, yule mwanamke akasema maneno yake ya siku zote, nami nikasikia *imasen*. Kwa mara ya kwanza haikuwa kelele. Ilikuwa "haija". Nilisimama na koleo mkononi nikazima, nikawasha tena, nikasikiliza. Mteja akauliza, "Fundi, kuna shida nyingine?" Nikamwambia hapana, gari lako linasema kadi haijaingizwa. Jioni hiyo nilipanda juu ya kiti nikatoa daftari kwenye kabati.

Nakusimulia hivyo kwa sababu kumbukumbu ilikuwa imefanya kazi chini kwa chini wakati nilijihesabu nimeshindwa. Hamu hurudi ukikutana na lugha mahali ambapo hukuitarajia, kwa hiyo jiweke mahali pa kukutana nayo. Na siku ambazo hamu haipo kabisa, uwe na kiwango cha chini: kadi tano, basi. Siku moja ikikupita, samehe. Ya pili isikupite.

Nimeacha mwaka mzima. Nianze upya kabisa?

Hapana. Rudi nyuma hatua kama robo ya ulipokuwa umefika, rudisha kadi zote chumba cha kwanza, na wiki mbili usiongeze kitu kipya. Utashangaa yaliyobaki.

Nyumbani wananiuliza Kijapani kitaniletea ugali gani.

Swali la mzazi anayelipa kodi ya nyumba ni la haki, lijibu kwa heshima. Mwonyeshe njia za kweli (angalia sehemu ya mtihani na safari), lakini usiahidi kazi ambayo hujaipata. Mama yangu alibadilika siku niliposoma mbele yake maelekezo ya Kijapani kwenye kifaa cha gari, ambayo ofisi nyingine ilikuwa imeshindwa kuyaelewa. Fanya kitu kimoja waone kwa macho.

Kutazama katuni za Kijapani kunahesabika kuwa kusoma?

Ukitazama na tafsiri chini, hiyo ni burudani, na burudani ina nafasi yake. Kunahesabika ukichukua dakika mbili za tukio, ukasikiliza bila tafsiri mara tatu, ukaandika unachosikia, kisha ukahakikisha. Angalizo: wahusika wengi huongea kwa ukali ambao huwezi kumwongelea nao mzee wala bosi. Jifunze kwanza namna ya heshima, ile ya *-masu*.

## Kuzungumza

Nitazungumza na nani huku?

Kwanza na sauti iliyorekodiwa. Cheza sentensi moja, ifuate papo hapo kama kivuli, mapigo kwa mapigo, mara kumi. Fanya kwa sauti, jirani watazoea.

Kisha tafuta Mjapani anayejifunza Kiswahili. Wapo: Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili kama somo kamili. Kwenye programu za kubadilishana lugha eleza wazi kwamba unatoa Kiswahili, wala usijiuze kwa Kiingereza ambacho kila mtu anacho. Nusu saa yake, nusu saa yako. Japani iko saa sita mbele yetu, kwa hiyo saa nane mchana Kisumu ni saa mbili usiku kwao, wakati mzuri. Ukimpigia saa tatu usiku yetu, utamwamsha saa tisa usiku.

## Mtihani na safari

Mtihani rasmi ni upi, na unafanyikia wapi?

Ni JLPT, ulioanza mwaka 1984. Una ngazi tano, N5 ya chini hadi N1 ya juu. Duniani hufanyika Jumapili ya kwanza ya Julai na ya Desemba, ingawa si kila mji hupata awamu zote mbili. Hapa Kenya unafanyikia Nairobi, na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo fuatilia matangazo mapema.

Kupita N5 unahitaji alama 80 kati ya 180, lakini pia 38 kati ya 120 kwenye lugha na kusoma, na 19 kati ya 60 kwenye kusikiliza. Watu wa kujisomea wenyewe huanguka kwenye kusikiliza. Hakuna kuzungumza wala kuandika insha, ni kuchagua majibu, kwa hiyo cheti hakithibitishi kwamba unaongea.

Kutoka Kisumu, fika Nairobi Jumamosi mchana. Usipande basi la usiku ukaingia chumba cha mtihani na usingizi wa barabarani. Umesoma mwaka mzima, usiupoteze kwa gharama ya malazi ya usiku mmoja.

Nikijua Kijapani nitapata kazi Japani?

Lugha peke yake haitoshi. Tangu Aprili 2019 kuna viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, inayodai kwa kawaida Kijapani cha kiwango cha N4 au mtihani mwingine unaolingana nao, pamoja na mtihani wa ujuzi wa kazi yenyewe. Kwa masomo, serikali ya Japani hutoa ufadhili kupitia ubalozi wake Nairobi. Wa shahada ya kwanza huanza kwa mwaka wa kujifunza lugha. Yeyote anayekuambia umlipe ili "akupitishie viza", mwache. Viza hutolewa na serikali. Uliza ubalozini kabla ya kutoa shilingi yoyote.

## Mengine

Nina miaka 52. Nimechelewa?

Kwa kuzungumza kama mzawa wa Tokyo, labda. Kwa kusoma, kuelewa na kuongea vizuri, hapana. Mwenzetu mkubwa kuliko wote kikundini ni mwalimu mstaafu, na daftari lake ndilo sote tunaloazima.

Jina langu litaandikwaje? Lina "l", na jingine lina "ng'".

Kijapani hakitofautishi "r" na "l", kwa hiyo Wafula ni ワフラ na Wanjala ni ワンジャラ. Otieno inakaa vizuri: オティエノ. Achieng' ndiyo yenye kazi, kwa sababu sauti ya "ng'" mwishoni haina herufi yake. アチエン inasikika karibu zaidi na jina lenyewe. アチエング inaonyesha kwamba kuna "g" katika maandishi. Yapeleke yote mawili kwa masikio yako, chagua moja, kisha liandike hivyo hivyo kwenye kila fomu.